Kikapu cha Shibe

Mimi na wifi yangu tuliishi nyumba moja mwaka mzima na nusu bila kusemezana, na wala hatukupungukiwa na habari, kwa sababu tulikuwa na ubao. Ulikuwa ubao wa chaki wa marehemu mume wangu, umetundikwa kwenye ukuta kati ya mlango wa jikoni na banda la farasi. Zamani aliandika hapo majina ya watoto waliokuja kujifunza kupanda. Sisi tukaandikiana: gesi imekwisha, fundi bomba kesho, nimetoka. Wifi alikuwa karani wa shule miaka thelathini na anaandika kana kwamba maneno yanatolewa kwa mgao. Mimi nikiandika najaza ubao hadi ukingoni, halafu naupandisha mstari juu kwa pembeni.

Ugomvi wetu ulianza wiki ya mazishi. Siku ya tatu nilimkuta wifi amekaa sebuleni peke yake, nikampa reki ya kuzolea samadi, nikamwambia, "Wifi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nilikuwa natania. Mawifi wasipotaniana watafanya nini? Nyumba nzima ilikuwa inalia na mimi nilitaka mtu mmoja tu acheke. Yeye akaiegemeza reki ukutani, akasema, "Hapa ni kwa kaka yangu. Mimi si mgeni." Sikuomba radhi, maana nilijiona nina haki. Wiki iliyofuata mwanasheria akatusomea karatasi, ikaonekana haki ni yake: nusu ya nyumba na kiwanja ameachiwa yeye.

Na karatasi haikuishia hapo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa farasi, mtu mpole, na mtu mpole akikukomoa hukukomoa kwa mapenzi. Aliandika kwamba nyumba, banda na malisho visiuzwe wala visigawanywe maadamu Shibe yu hai. Sote wawili tumtunze, na hapo hapo. Atakayehama amepoteza fungu lake. Nadhani alifikiri anatuachia kitu cha kutuunganisha. Maskini, hakujua kwamba hata fundo huunganisha.

Shibe ni farasi jike wa kahawia, mfupi, mnene, mwenye macho ya mtu aliyechelewa karamuni. Jina alipewa kwa mzaha, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona akishiba.

Acha niseme ukweli, nimeshazeeka kwa kuuficha. Mume wangu nilimpenda. Farasi wake nilimpenda kiasi. Lakini nilikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yananiuma, na binti yangu yuko mji mwingine, amejifungua mapacha, ameniandalia chumba chenye dirisha linalotazama barabara. Kila Jumapili ananipigia: "Mama, unakuja lini?" Namwambia karibuni. Nilichoshindwa kumwambia ni kwamba karibuni maana yake farasi afe. Wifi naye alikuwa na kwao. Huko aliacha kwaya aliyoiimbia tangu usichana, na alikuwa akiosha vyombo huku akiimba sauti ya pili peke yake, wimbo usio na kichwa wala miguu, kwa sababu wenye sauti ya kwanza walikuwa mbali.

Mvua zilipoanza na nyasi changa zikachomoza, Shibe akaugua kwato. Nilimkuta asubuhi amesimama kama anayekataa kusukumwa, miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameutupa nyuma. Nikagusa kwato, zilikuwa moto. Daktari wa mifugo alikuja siku ile ile. Ni binti mdogo mwenye mikono midogo na sauti kubwa. Alitueleza kwamba nyasi changa zimejaa sukari, na kwa farasi wa namna ya Shibe madhara yake hushukia kwenye kwato. Nyama ya ndani huvimba, kwato nayo haitanuki.

"Mfikirie mtu aliyevimba mguu ndani ya kiatu cha chuma," alisema, "na kiatu hakivuliki."

Ilikuwa mara ya pili Shibe kuugua hivyo. Akaagiza Shibe akae bandani siku kumi, alalie maranda mengi, ale majani makavu yaliyolowekwa, na dawa asubuhi na jioni. Kisha akatuambia wazi kwamba mara ya tatu mfupa wa ndani ya kwato utageuka, na ukigeuka yeye atakuja na sindano moja tu. Mimi nikatazama mlango. Wifi akatazama dirisha.

Siku ya kumi nilikuwa nimetoka kutafuta majani makavu. Daktari akapiga simu kwa wifi. Niliporudi nikakuta ubaoni kwa herufi kubwa za ukarani: DAKTARI KAPIGA. SHIBE AFUNGWE.

Nikasoma, nikaelewa kwamba aendelee kufungiwa. Nikaangalia komeo la mlango wa chini wa banda, nikalisukuma hadi mwisho.

Alikaa mle wiki tano. Mtu ambaye hajawahi kuishi karibu na farasi aliyefungiwa hajui kelele zake. Kwanza alipiga mlango kwa kwato. Baadaye akaanza kutafuna mbao, na ukingo wa mlango ukaliwa mpaka ukafanana na hindi lililopukuchuliwa. Halafu akaacha vyote akaanza kuyumba, kichwa kushoto, kichwa kulia, kushoto, kulia, kutwa nzima. Chumba changu kinapakana na banda. Nilikuwa nakunja nguo nikijikuta nazikunja kwa mwendo wake. Nilimpelekea maji, nikamzolea samadi, nikamwambia, "Vumilia, mwenzangu, ni amri ya daktari." Sikumtazama machoni nikisema hivyo.

Daktari aliporudi kupima, alisimama uani na mkoba wake begani, akasikiliza ule msukosuko wa maranda.

"Shikamooni, mama zangu. Huyu mbona yuko ndani?"

"Marahaba. Si ulisema afungwe?" nikamjibu.

"Nilisema afungwe mdomo! Avishwe kikapu, atoke nje, atembee, aokote nyasi moja moja. Nani kawaambia mumfungie?"

Nikamgeukia wifi. Maneno ya mwaka na nusu yakanijia yote kwa pamoja, yakakwama mlangoni, yakatoka mawili.

"Uliandika nusu!"

"Niliandika nilichoambiwa," wifi akasema. "Kama hukuelewa ungeuliza."

"Nikuulize kwa kinywa kipi?"

"Hicho hicho ulichotumia kunipa reki."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Samahani," akasema, "hivi nyinyi hamuongei?" Wifi akatazama ubao, nami nikatazama ubao, kwa hiyo akapata jibu.

Akaingia bandani, akakaa humo muda mrefu. Kwato zilikuwa zimepoa, alisema, lakini Shibe alikuwa ameishiwa misuli ya mapaja, na kule kuyumba ni akili inayotafuta mlango. Lazima atoke. Ila akitoka mdomo wazi kwenye nyasi zile, wiki mbili hatuna farasi. Akatuambia kikapu cha mdomo kiweje: kimruhusu kunywa maji na kupumua, kisimchubue pua, chini kiwe na tundu dogo la kupitisha majani machache tu, kati ya midomo na kitako cha kikapu pabaki nafasi ya vidole viwili, na mkanda wa juu ukatike wenyewe akinasa kwenye uzio, asije akajinyonga.

"Nendeni kwa fundi wa ngozi mchague. Nyote wawili," akasema. "Akichagua mmoja, nitarudi nikute mwenzake kaandika ubaoni. Nakuja Alhamisi ijayo nikione kichwani mwake."

Kwa fundi tulikwenda kwa miguu, wifi mbele, mimi nyuma, kama watu wanaotafuta nyumba tofauti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi na nta. Matandiko yalining'inia darini, na fundi mwenyewe, mwanamume mwembamba aliyefunga miwani kwa uzi wa kushonea, alikuwa akizungumza kabla hatujafika. Akatupangia vikapu vitatu mezani. Wifi akaviita barakoa. Hata hapo hatukuelewana.

Cha kwanza kilikuwa cha mikanda ya nailoni, chini yake kipande kinene cha mpira chenye tundu moja. Kizito, imara, hakijali jua wala mvua. Cha tatu kilikuwa cha ngozi, kazi ya mikono yake. Kitako chake hakikuwa kimetobolewa bado, maana tundu hukatwa kwa kipimo cha farasi mwenyewe, na alituonya kwamba tutakwenda na kurudi mpaka tuchoke. Cha katikati kilikuwa cha plastiki, chepesi kama kawa, chenye matundu mapana kila upande.

"Hiki sasa," fundi akasema akikizungusha kidoleni, "wateja wanakipenda mno. Farasi hawagombani nacho kabisa. Wanakula kama kawaida."

Kama kawaida. Nilikichukua mkononi. Kidole changu gumba kilipita tundu la kwanza bila kugusa ukingo. Nilijua nimeshika nini, sitaki mtu anitetee hapa. Nyasi changa, wiki mbili, sindano moja, halafu chumba chenye dirisha linalotazama barabara. Niliinua macho nikamwona wifi anakitazama kikapu kile kile, midomo imekaza.

"Tuchukue hiki," nikasema.

"Hiki," akasema wifi.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu tumzike kaka yake.

Fundi alikuwa mtu wa haki kupita tulivyotaka. Akasema farasi si wake, kwa hiyo asije akalaumiwa. Twende na vyote vitatu tukamjaribishe, tukirudisha viwili yeye hana neno. Akavitumbukiza kwenye gunia, akatukabidhi, na gunia hilo tukalibeba kila mtu upande wake kwa sababu hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.

Mchana huo huo tukamvisha Shibe kile cha plastiki. Hakugoma. Tulipomfungulia banda alisimama mlangoni kwanza, kama asiyeamini, akaweka mguu mmoja nje, kisha akatoka na kutembea moja kwa moja mpaka katikati ya malisho. Akainamisha kichwa. Fundi hakusema uongo. Nyasi ziliingia kwenye yale matundu kwa mafungu, naye alikuwa akizikata kwa sauti ninayoijua tangu nilipoolewa, krap, krap, krap. Alikula kama mashine. Nyuma yake alikuwa anaacha njia.

Tulisimama kwenye uzio. Jua lilikuwa linachoma shingo. Nilimngoja wifi aseme. Nilijua naye ananingoja mimi. Nikajiambia nikihesabu mpaka mia nitakwenda kumvua, nikahesabu, nikaanza upya.

"Nilijua," wifi akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ulisoma vibaya." Alikuwa anaongea akimtazama farasi. "Siku ya pili tu nilimwona bado ndani. Nikasema nitaongeza neno moja pale ubaoni. Chaki ilikuwa mkononi. Nikairudisha."

Nilitaka kumrukia. Mdomo ulikuwa tayari, na ningemwambia maneno ambayo hayafutiki. Lakini kilichotoka ni kingine, na kilinitoka kama mwiba wa samaki uliokaa kooni muda mrefu.

"Nami nilijua," nikasema. "Daktari alisema siku kumi. Kumi ni kumi, wifi, sikuhitaji shule ya karani. Wiki ya pili nilisimama mbele ya ubao nikajiuliza, afungwe, afungwe nini? Nikaenda zangu kukunja nguo."

Pua ya wifi ilikuwa nyekundu. Shibe aliendelea kukata nyasi, na kila alipokata mimi nilisikia gunia la safari yangu likifungwa kamba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki tano nilimsikia yule mnyama akiyumba nyuma ya ukuta wa chumba changu, nikalala.

Nikaruka uzio. Nasema nikaruka, lakini nilipita chini kwa magoti, na sketi ikanasa, na wifi akainasua. Tukaenda pamoja. Shibe alipotuona aliinua kichwa, majani yamemtoka kwenye matundu kila upande kama ndevu, akanyoosha shingo nimvue, kwa adabu kubwa, kana kwamba alikuwa anatukaribisha kwake.

"Wewe mlafi wewe," nikamwambia, nikamvua kikapu.

Kesho yake tukajaribu cha nailoni. Kile kitako cha mpira kilijaa maji kila alipokwenda kunywa, akawa anapiga chafya na kututazama kwa lawama. Kufika mchana kilikuwa kimemchubua juu ya pua, alama ya ukubwa wa kifungo cha shati. Tukakirudisha gunini. Kikabaki cha ngozi.

Kwa fundi tulikwenda mara nne. Alikuwa ametuambia tundu liwe la kidole, nasi tukagombana kidole cha nani, maana vyangu vimenenepa kwa kazi za reki na vya wifi vimekondeana kama penseli. Shibe ndiye aliyeamua. Kwa tundu la kidole cha wifi alikuwa anahangaika na kupata jani moja, anainua kichwa, analitafuna kama mtu anayehesabu, kisha anarudi. Kwa langu alikuwa anavuta fungu zima. Nikaumeza ushindi wa wifi. Fundi akaweka kitako kipya, akakata tundu kwa kidole cha wifi, akapitisha nta ukingoni, akalainisha ngozi ya ndani kwa mafuta, akaweka pamba pale panapogusa mashavu. Siku hizo tulikuwa tunaongea kwa sababu ya kazi tu: shika hapa, legeza, hapana, upande wako. Nilikuja kugundua kwamba ubaoni hakuna aliyeandika kitu tangu Jumatatu.

Sitaki mtu afikiri tulipatana. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu mle ndani, na sasa nilikuwa mle ndani na mtu anayenijua. Sijui lipi lilikuwa zito.

Alhamisi daktari akaja. Akamtembeza Shibe uani, akamgusa kwato zote nne kwa kiganja, akaingiza vidole vyake viwili vidogo kwenye kikapu, kati ya midomo na kitako, akauvuta mkanda wa juu kuona kama utakatika. Akarudi nyuma, mikono kiunoni.

"Nani kachagua hiki?"

"Sote," nikasema.

"Mmefanya kazi nzuri. Nimeona watu wenye mashamba makubwa wakichagua kijinga. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Basi avae hiki kila msimu wa nyasi, msimwonee huruma za ovyo, atafika thelathini bila shida. Nina mmoja namtibu ana thelathini na mitatu, anapiga mateke mpaka leo."

Daktari alikuwa ameinama anafunga mkoba wake, hakuziona nyuso zetu.

"Kumi na minne," wifi akasema polepole. Karani ni karani.

"Nitakuwa na sabini na mitatu," nikasema.

"Mimi sabini na minane."

"Na Mungu awape afya mwone," daktari akasema kwa furaha, akidhani tunaomba dua. "Hongereni, mama zangu." Akatuaga, akaenda. Mapacha wa binti yangu watakuwa wameota ndevu. Kwaya ya wifi itakuwa imezika nusu ya wenye sauti ya pili. Niliwaza hayo nimeshika hatamu ya Shibe, nina hasira isiyo na mtu wa kuielekea, maana aliyetutenda hivi amelala, na tulimpenda.

Hapo ndipo nilipoona kwamba upande wa kushoto, upande wa wifi, mkanda wa shavuni umekaa tundu moja nje ya alama aliyotuwekea fundi. Daktari alipouvuta ule mkanda wa juu, huu wa shavuni ulilegea. Si sana. Mtu asiyejua asingeona. Lakini Shibe angeona, kwa saa moja angeona, angekisugulia kwenye nguzo ya uzio mpaka kikapu kikakaa kando na mdomo ukawa wazi, na nyasi zilikuwa zimefika magotini.

Nikamtazama wifi. Alikuwa amekwisha kuuona. Alikuwa anautazama mkanda ule kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe, na mimi nilijua kila neno lililomo. Nilinyamaza. Kama kuna dhambi moja ambayo sitaisingizia ubao, ni kunyamaza kule.

Wifi akajifuta mikono kwenye gauni. Akamsogelea Shibe, akamshika shavu, akafungua bizimu, akavuta mkanda mpaka kwenye alama, akaingiza sindano ya bizimu kwenye tundu lake, akapitisha ncha ya mkanda chini ya kishikizo. Akaingiza kidole kupima. Akarudi nyuma.

"Haya," akasema. "Mfungulie."

Kwa dakika nzima nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Kisha nikamfungulia Shibe lango, naye akapita katikati yetu akielekea kwenye nyasi.